Mgeni aje, mwenyeji apone: safari za siku moja katika bonde letu

(Hotuba ya ofisi ya miradi ya dayosisi kwa kamati za sharika na wageni kutoka sharika rafiki, Ifakara)



Tumeombwa kuzungumzia safari za siku moja ambazo wageni wetu hufanya kila mwaka kati ya Juni na Septemba. Kwa ndugu wa Ulaya na Marekani huo ni msimu wa likizo. Kwetu mvua zimekatika, barabara zinapitika, na watu wako shambani wanavuna mpunga. Tusilisahau hilo la mavuno, kwa sababu ndilo lililotufanya tuombe nafasi ya kusema nanyi leo.

Miaka michache iliyopita ofisi yetu iliandaa ziara ya siku moja yenye vituo vitano. Kwenye karatasi ratiba ilipendeza. Usharika wa nne uliambiwa wageni watafika saa tano asubuhi. Kwaya ikaacha mavuno, watoto wakapangwa kando ya njia, akina mama wakapika wali na mbuzi. Tulifika saa kumi jioni. Tulikaa dakika ishirini, wageni wakapiga picha, tukaondoka kwa sababu giza lilikuwa linakaribia. Chakula hakikuguswa, maana wageni walikuwa wameshakula kituo cha pili na cha tatu. Wiki iliyofuata mtunza hazina wa usharika ule alikuja ofisini kwa baiskeli. Hakuja kulaumu. Alituambia tu, "Wageni wamekwenda, deni la mbuzi limebaki."

Kosa lile lilikuwa letu sisi tuliopanga. Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja na mwenyeji akaugua. Tangu hapo tumekuwa tukijiuliza ni safari ya namna gani inayomponya mwenyeji, na leo tunaleta mapendekezo yetu.

La kwanza, siku moja iwe na mji mmoja. Bonde letu haliishi kwa siku moja, wala halihitaji kuisha. Tutoe mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni Mang'ula na Sanje, upande wa kaskazini. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Ndani yake watalii hutembea kwa miguu. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita zipatazo 170 kwa hatua tatu, na ukifika juu unaliona bonde lote na mashamba ya miwa ya Kilombero. Humo yupo mbega mwekundu wa Udzungwa, na yupo ngolaga wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Wenyeji walimjua siku zote. Mwenyeji aliyewaongoza watafiti wale ndiye aliyewatajia jina lake. Kwa hiyo mgeni asione taabu kumlipa kijana anayemwongoza, kwani analipia ujuzi.

Lakini hapo pia kuna jambo la kuwaeleza wageni wetu kwa ukweli. Hadi mwaka 2011 wananchi wa vijiji vya kando ya hifadhi, wengi wao akina mama, waliruhusiwa kuingia kwa siku maalum kuokota kuni kavu. Ruhusa ile ilikoma. Msitu unahitaji kulindwa, kwa sababu ndio unaotupa mito. Hata hivyo, anayeulinda kwa kukosa kuni ni yule mama wa Mang'ula. Mgeni akila chakula cha mchana kwa mama lishe wa pale badala ya kubeba mikate kutoka Ifakara, anachangia ulinzi huo moja kwa moja.

Mfano wa pili ni kusini: mto, Lupiro na Mahenge. Wengi wenu mnakumbuka shida ya pantoni. Mnakumbuka pia Januari 2016 kivuko kilipozama usiku kwa upepo na mvua, na ndugu zetu wakapoteza maisha. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018. Leo gari linavuka kwa dakika chache, na hapo ndipo tunapokosea, maana tunavuka bila kusimama. Tunashauri wageni washuke Kivukoni, watembee, wawaone wavuvi na mitumbwi yao, wanunue kambale au perege.

Bonde hili liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ni makazi ya sheshe, swala ambaye zamani alikuwa wengi hapa kuliko mahali pengine popote duniani, na ambaye sasa amepungua sana kutokana na mashamba, mifugo na ujangili. Yupo pia kwera wa Kilombero, ndege ambaye hapatikani kwingineko.

Kutoka Lupiro barabara inapanda hadi Mahenge, mji mdogo wenye baridi na ukungu, uliozungukwa na milima. Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia ngome ya Wajerumani pale, na wengi waliangushwa na bunduki za rashasha. Wageni wetu kutoka Ujerumani wameomba mara nyingi kuijua habari hii. Tusiifiche kwa adabu ya ugeni. Mzee wa Kipogoro anayeijua aketi nao, asimulie bila kuharakishwa. Safari ya Mahenge ianze alfajiri, la sivyo wageni walale huko huko.

Mfano wa tatu ni Ifakara yenyewe, kwa miguu au kwa baiskeli. Tunauona mji wetu ni vumbi na joto, lakini mgeni anaona soko la mchele, wanawake wanaofuma vitambaa kwa mkono, na stesheni ya TAZARA, reli iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Anaona pia mji ambao utafiti wake wa malaria, ulioanza miaka ya 1950 kwa ushirikiano na Waswisi, unajulikana duniani. Safari hii haihitaji dizeli hata lita moja. Kuhusu treni, tunaomba radhi kusema wazi kwamba haifai kwa safari ya siku moja. Saa zake haziaminiki, na tumewahi kulala stesheni na wageni.

La pili ni fedha. Tunapendekeza kila usharika unaopokea wageni ukubaliane na ofisi mapema, kwa maandishi, idadi ya watu, chakula na gharama. Gharama ilipwe kabla ya siku yenyewe, na stakabadhi itolewe. Wapo watakaosema kwamba kumlipisha mgeni chakula ni kinyume cha mila zetu. Tunawaelewa. Mgeni anayekuja nyumbani kwako kwa hiari yako mlishe bure, na Mungu atakulipa. Lakini kundi la watu kumi na wawili lililoletwa na ofisi kwa ratiba ya ofisi si mgeni wa mama mmoja mwenye gunia moja la mpunga. Wafadhili wenyewe wametuambia kwamba wangeumia kujua kuwa walikula deni.

La tatu ni heshima. Watoto wasitolewe darasani wala shambani ili kuimba. Picha ipigwe baada ya kuomba ruhusa, na kwa mtoto, ruhusa ya mzazi. Nanyi wapendwa wafadhili, tunawasihi msitoe ahadi mkiwa mmesimama kando ya gari. Neno jepesi la "tutaona kuhusu kisima" husubiriwa hapa kwa miaka. Jambo la kisima lipitie kwenye kamati.

La nne, na hili ni la kamati za sharika. Tumewauliza vijana wetu wa kipaimara hapa Ifakara wangapi wamewahi kufika Sanje. Mikono iliyonyooshwa ilikuwa michache mno. Wageni wanavuka bahari kuyaona maporomoko yaliyo ndani ya bonde letu, na watoto wetu wanakua bila kuyaona. Kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa nje. Kila usharika ukipanga safari moja kwa mwaka, wakati wa likizo na baada ya mavuno, vijana wakichangia kidogo na wazazi kidogo, inawezekana bila kumwandikia mfadhili yeyote barua. Kijana aliyeona mto unapotoka ataelewa kwa nini asichome moto mlimani. Huenda pia akapata kazi ya kuongoza wageni.

Ndugu wajumbe, tunaomba mapendekezo haya manne yajadiliwe kwenye vikao vyenu na majibu yafike ofisini kabla ya masika, ili ratiba ya Juni ipangwe nanyi, si juu yenu. Usharika utakaosema "mwaka huu hatuwezi, tunavuna" usionekane umekosa ukarimu. Jibu hilo litatusaidia kuliko kwaya iliyosimama juani siku nzima.

Kuhusu deni la mbuzi, tulilipa. Mtunza hazina yule sasa ndiye anayetukagulia ratiba kabla haijatoka.