NYUMBA ZIKIJENGWA, MIOYO ISIACHWE MAGOFU

(Hotuba kwa wananchi wa Mamba, Katavi)



Bonde hili la Rukwa tunalolima lilifanywa na ardhi inayopasuka na kuachana kidogo kidogo. Kwa hiyo tetemeko si mgeni kwetu. Tarehe 13 Desemba, 1910, Rukwa ilitikiswa na tetemeko lililo miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika ya Mashariki. Tena twakumbuka Bukoba, Jumamosi ya tarehe 10 Septemba, 2016. Watu zaidi ya 15 walikufa, mamia wakaumia, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa muda. Matofali huhesabika. Lakini usingizi uliopotea nani ataupima?

Baada ya tetemeko kubwa hufuata madogo, na kila yakitikisa mwili hukumbuka. Mtu mzima hukataa kulala ndani. Lori likipita, hukimbilia nje. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena. Huo si woga wala wazimu, ni mwili unaojilinda. Wengi hupona kwa majuma machache wakipata chakula, makao na watu wa kukaa nao.

Hatari ni mbili. Kwanza, kutafuta mchawi. Akitajwa fulani kuwa ndiye aliyetikisa ardhi, kijiji kilichopoteza nyumba kitapoteza na watu. Pili, kumwambia mwanamume ajikaze. Wako wanaojikaza kwa pombe, na kipigo kikawaangukia mke na watoto.

Basi tufanyeje? Mabalozi wa nyumba kumi wapite wakiuliza: Mnalala? Mnakula? Tusimlazimishe mtu kusimulia; akitaka kusema, tumsikilize mpaka mwisho. Watoto warudi masomoni upesi, hata chini ya mwembe. Mwezi ukipita na mtu bado halali wala hafanyi kazi, apelekwe zahanati. Anayesema heri afe asingoje mwezi: apelekwe siku ile ile, wala asiachwe peke yake.

Wako wanaoficha wagonjwa kwa kudhani kila mwenye shida ya akili hupelekwa Mirembe, Dodoma. Sivyo. Wengi hutibiwa karibu na kwao, wakalala kwao.

Ndugu zangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Siku tutakayobeba matofali ya jirani, tumwulize na habari za moyo wake.