Nani Anakanyaga Mafuta?



Leo tuzungumze juu ya dereva anayepita mwendo uliowekwa kisheria. Ni mtu wa namna gani? Wengi mtajibu: mlevi, au mhuni. Wapo hao, lakini mara nyingi ni mtu wa kawaida kabisa.

Kwanza, mara nyingi ni kijana wa kiume. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanaume hufa barabarani karibu mara 3 kuliko wanawake. Na kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29, yaani nyinyi, ajali za barabarani huua wengi kuliko ugonjwa wowote.

Pili, anajiamini mno. "Mimi gari naliweza, bwana!" Sawa, tupige hesabu. Ukiwa kilometa 50 kwa saa, katika sekunde moja tu ya kushtuka gari limeshakwenda karibu mita 14, na breki bado hujagusa. Ukiwa kilometa 100, ni mita 28. Ukishika breki, gari litahitaji umbali mara 4 hadi lisimame. Mtoto anayevuka barabara atasubiri?

Tatu, anakimbizana na pesa. Dereva wa daladala anadaiwa hesabu ya tajiri jioni. Wa bodaboda anawahi abiria mwingine.

Nne, na hapa tusikilizane vizuri, ana washangiliaji. "Kanyaga twende, suka!" Nani husema hivyo? Si sisi abiria? Akipitwa tunazomea, akipita wenzake tunapiga makofi.

Basi kama mdomo wa abiria unamchochea, unaweza pia kumtuliza. Kule Kenya, mwaka 2008, watafiti walibandika ndani ya matatu za safari ndefu vibandiko vya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Katika magari hayo madai ya bima yalipungua kwa nusu au zaidi. Vibandiko tu, jamani!

Kwa hiyo usikae kimya. Sema mapema, kwa heshima: "Kaka dereva, tunaomba upunguze mwendo." Mguse jirani yako naye aseme. Sauti moja ataipuuza, sauti kumi zitamshinda. Akikaidi, shuka kituo kinachofuata. Utachelewa, ndiyo, na mwalimu atafoka. Lakini atakuwa anamfokea mtu mzima mwenye viungo vyake vyote.

Haya, nani ana swali?