Kwetu Herufi ya Kwanza Ilikuwa K



Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mlionialika. Mliniomba nizungumze juu ya kumfundisha herufi nyumbani mtoto mwenye usonji, ile hali ambayo wengi huiita otizimu. Mimi si mwalimu wa kusomea. Ni mama tu, na nitayasema yale niliyoyaona kwa mwanangu. Watoto hawa hawafanani, kwa hivyo ukiona jambo halimfai wako, liache.

Mwanangu alifika miaka minne hajasema neno ila kurudia. Ukimwuliza, "Wataka maji?" naye hujibu, "Wataka maji?" Watu walisema mengi. Kuna aliyesema ana jini, kuna aliyesema mimi nimemdekeza. Ndugu yangu, usonji hautokani na malezi mabaya. Leo Kanner alipowaeleza watoto hawa mwaka 1943 kule Marekani, kwa miaka mingi baadaye wataalamu walidai kuwa mama ndiye sababu, ati hana mapenzi na mtoto. Mwishowe neno hilo likatupwa. Basi kama wewe ni mama na bado wajilaumu, jua kuwa hata wasomi walikosea hapo.

Sasa herufi. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwimbisha. Haukupita mwezi akaijua nyimbo yote, A mpaka Z, kwa lafudhi ile ile ya kwenye video. Nikafurahi, nikawaita majirani waje wasikie. Kisha nikaandika B kwenye karatasi nikamwuliza ni nini. Akaanza kuimba kutoka A. Kwake yeye ile ilikuwa sauti moja ndefu, haina vipande. Kwa hivyo mtoto wako akiimba usidhani amejua. Mtolee herufi moja moja bila mpangilio, uone.

Vitabu hakuvitaka kabisa. Alipenda magari. Tukikaa barazani jioni hakuwatazama wapita njia, alitazama matatu kwa nyuma, pale penye namba. Ilinichukua muda, wallahi, kuelewa kwamba anasoma. Na namba za matatu zetu hapa Kenya zote huanza na K. Basi nikaiacha A, nikaanza na K.

Alikuwa pia akikusanya vizibo vya soda na kuvipanga mstari mmoja ukutani, nami kila siku nikimgombeza nikivifagia. Siku hiyo nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika K kwenye vizibo vitano, nikavichanganya na vyenginevyo. Akavitenga mwenyewe, vyote vitano. Nililia jikoni.

Baada ya K nilimpa O, manake haifanani nayo hata kidogo. Usimpe b na d pamoja, wala p na q, utamchosha bure. Jambo moja nilijutia: nilianza na herufi kubwa kwa sababu ya yale magari, na vitabu vya skuli vimejaa herufi ndogo. Ikabidi nianze tena. Wewe waweza kuziandika zote mbili, moja kila upande wa kizibo.

Mkono nao hujifunza. Maria Montessori, kabla hajafungua ile nyumba yake ya watoto huko Roma mwaka 1907, alifundisha watoto walioonekana hawafundishiki, na aliwapa herufi za mbao wazipapase kwa kidole. Baadaye akatumia msasa. Mimi nilikata herufi za msasa, mwanangu akazigusa mara moja akapiga kelele kama ameungua. Wengi wao ngozi yao husikia kupita kiasi. Nikamwaga unga wa ngano kwenye sinia, hapo akachora mpaka magharibi.

Lakini siku za kawaida ni dakika tano, mahali pale pale, mkeka ule ule. Punguza maneno. Usiseme, "Hebu mwanangu tazama hapa uniambie hii ni nini." Sema, "Chukua K," kisha nyamaza uhesabu moyoni mpaka kumi. Na usimlazimishe kukutazama machoni, kwani masikio yake yako wazi. Fimbo sitaki hata kuitaja.

Kuna mtihani mwengine ambao sisi watu wa pwani twaujua. Skuli A yaitwa "ei", nyumbani ni "a", chuoni ni alif. Tena ba ya Kiarabu ina sura yake mwanzo wa neno, nyengine katikati, nyengine mwisho. Mtoto anayeshika umbo kama alivyoliona atakwambia hizo ni herufi tatu mbalimbali. Nilikwenda kwa ustadh nikamwomba tusubiri mwaka mmoja, na Allah amlipe, alikubali. Nikashika Kiswahili kwanza, manake kinasomwa kama kinavyotamkwa: ka, ke, ki, ko, ku. Ukihitaji msaada, serikali ina vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum. Vilianza mwaka 1984, wenyewe waviita EARC. Uliza afisi ya elimu ya kwenu.

Na mwezi huu je? Ramadhani ya kwanza masomo yetu yalivunjika. Chai ya jioni ilihama ikawa futari, usingizi ukahama, naye akawa ajigonga kichwa. Mwaka uliofuata nilichora picha nne ukutani siku chache kabla ya mwandamo: mkeka, vizibo, tende, kitanda. Kila jioni akapita akizigusa moja moja. Shida ilibaki moja tu, kumweleza kwamba mwezi haujaonekana, tungoje kesho!

Wapo wanaoniuliza, herufi za nini kwa mtoto asiyesema? Alipokuwa na miaka saba alilia usiku kucha. Nilimpa maji, nikampa uji, nikamsomea, wapi. Karibu na daku akainuka, akamwaga kopo lake la Kimbo sakafuni akaanza kutafuta vizibo. Nilidhani yuwacheza. Akaweka S. Akaweka I, kisha K, kisha I tena. O ilikuwa imepotea chini ya kabati, ikabidi tuitafute na tochi, mimi na babake.

Asubuhi daktari alimulika sikio la kushoto. Lilikuwa limejaa usaha.