Usimwambie Daktari "Sijambo"

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu)



Katibu aliponiomba niseme machache juu ya askari wa zamani huko Marekani, nilitaka kukataa. Kisha nikakumbuka kwamba wapo wenzetu kadhaa wa shule hii waliovaa sare ya jeshi la nchi ile. Wengine, kama mimi, waliingia wakiwa na kibali cha ukaazi. Wengine waliingia kwa mpango ulioitwa MAVNI, ulioidhinishwa mwaka 2008 na kusimamishwa mwaka 2016, ambao uliandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mara kwa mara hunipigia simu, na swali ni lile lile: "Kaka, wamenipa asilimia ndogo. Nifanyeje?" Leo napenda kulijibu mbele ya wote.

Asilimia hiyo ni nini? Askari aliyeumia au kuugua kwa sababu ya utumishi huomba fidia kwa Idara ya Maveterani. Lazima mambo matatu yaonekane: kwamba anao ugonjwa au ulemavu sasa, kwamba kulitokea jambo fulani akiwa jeshini, na kwamba kuna uhusiano kati ya haya mawili, ambao kwa kawaida huthibitishwa na daktari. Yakikubaliwa, hupewa kiwango kuanzia 0 hadi 100, kwa hatua za kumi kumi. Fidia hulipwa kila mwezi na haitozwi kodi ya mapato ya nchi ile. Kuanzia asilimia 30, mke na watoto huongezewa fungu lao.

Sasa nisimulie kosa langu. Niliumia goti nikishuka kwenye lori na mzigo mgongoni. Nilipotoka jeshini niliandika dai, nikaitwa kupimwa. Daktari akaniuliza habari za asubuhi. Nikamjibu kwa Kiingereza kile kile tulichofundishwa katika darasa lile pale, kwamba sijambo kabisa, ahsante. Akaniuliza kama goti linauma. Nikasema si sana. Akaniambia nilikunje. Nikauma meno, nikalikunja mpaka mwisho, kama mtu anayeshindania kikombe. Siku zile sikuweza kupanda ngazi za nyumba yangu bila kushika ukuta.

Barua ilikuja: ulemavu umekubaliwa, kiwango asilimia 0. Maana yake ni kwamba wanakiri umeumia kazini, lakini hakuna malipo. Nilikasirika. Hata hivyo, daktari aliandika alichosikia na alichokiona. Kosa lilikuwa langu. Tena nikaiweka barua ile sandukuni kwa kiburi, nisikate rufaa. Nilirudi kuomba nyongeza baada ya miaka sita. Safari hii nilisema kweli, nikapewa asilimia 10 kwa maumivu ya goti. Ni kidogo, lakini ni haki. Malipo ya ile miaka sita hayakurudi.

Ndugu zangu, sisi tumelelewa kusema "sijambo". Hata mgonjwa aliyelala kitandani, ukimuuliza hali, hukujibu "sijambo" kwanza, ndipo akueleze homa yake. Hapa shuleni tulifundishwa zaidi. Mnakumbuka asubuhi za mbio za nyika, jinsi foleni ya zahanati ilivyokuwa ndefu, na jinsi Bwana Mganga alivyowafukuza wategaji. Tangu hapo kila mmoja wetu aliogopa kuitwa mtegaji. Ni malezi mema, lakini mbele ya daktari wa fidia yanaweza kukuponza. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi sikilizeni jinsi uchunguzi ule ulivyo. Daktari yule hakutibu wala hapangi asilimia. Kazi yake ni kupima na kujaza ripoti, na mara nyingi ni daktari wa kampuni iliyopewa mkataba. Ofisa mwingine, ambaye huenda hatakuona kamwe, huisoma ripoti pamoja na jalada lako, akailinganisha na jedwali la viwango. Kwa goti, hupimwa kwa chombo kama kipimapembe chetu cha hisabati. Goti zima hukunjika hadi nyuzi 140. Likiishia nyuzi 45, jedwali linasema asilimia 10. Nyuzi 30, asilimia 20. Nyuzi 15, asilimia 30. Ndiyo maana unapoambiwa ukunje, useme pale maumivu yanapoanza. Usijilazimishe kupita hapo, wala usisimame kabla ya hapo.

Pili, mweleze siku zako mbaya. Huenda siku ya kupimwa ukaamka vizuri. Uamuzi wa mahakama ya madai ya askari wa zamani wa mwaka 2017 uliweka wazi kwamba daktari aulize juu ya vipindi vya maumivu kuzidi, hata kama siku ile hayakuzidi. Asipouliza, mwambie wewe: huja mara ngapi kwa mwezi, hukaa muda gani, hukuzuia kufanya nini. Kusema "huniuma sana" hakumsaidii. Sema, "Mara tatu kwa mwezi, siku mbili kila mara, siwezi kuvaa viatu bila kusaidiwa."

Tatu, usikose siku uliyoitwa. Ukiomba nyongeza ya kiwango nawe usifike bila sababu nzito, kama ugonjwa au msiba, dai hukataliwa.

Nne, walete mashahidi. Nina ruhusa ya kutaja habari za mwenzetu mmoja bila jina lake. Alirudi kutoka Afghanistan halali usiku, akapoteza kazi mara mbili. Kwa daktari alijibu kwamba mambo si mabaya. Akapewa asilimia 30. Mkewe hakuwa ameulizwa lolote. Tulipomshauri, mama yule aliandika kwa mkono wake kurasa mbili: jinsi mumewe anavyolala sebuleni akilinda mlango, jinsi watoto walivyojifunza kutembea bila kishindo. Msimamizi wake wa kazi wa zamani naye akaandika. Leo kiwango chake ni asilimia 70, na lililo kubwa zaidi, anapata matibabu. Barua ya mke, ya jirani, ya askari mwenzako, zote ni ushahidi unaokubaliwa.

Sasa hesabu, maana hapa wengi hudhani wameibiwa. Mtu ana asilimia 50 na asilimia 30. Hapa darasani tungesema 80. Kule sivyo. Huanza na mtu mzima wa 100. Ondoa 50, amebaki na uzima wa 50. Ile 30 huhesabiwa katika uzima uliobaki, ndiyo 15. Jumla ni 65, nayo husogezwa hadi kumi ya karibu, yaani 70. Kwa hiyo kabla ya kulalamika, shika kalamu upige hesabu.

Ukiona bado uamuzi si sawa, tangu Februari 2019 njia ni tatu. Ya kwanza ni dai la nyongeza, ukiwa na ushahidi mpya unaohusika. Ya pili ni kuomba ofisa wa ngazi ya juu apitie jalada lile lile, bila ushahidi mpya. Ya tatu ni kwenda kwenye Bodi ya Rufaa. Ukitumia mojawapo ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, tarehe ya dai lako hulindwa. Na kama ulemavu umezidi tangu uamuzi wa zamani, unaomba ongezeko. Tuma kwanza taarifa ya nia ya kudai, ambayo hukuwekea tarehe kwa mwaka mmoja wakati unakusanya karatasi. Omba pia nakala ya ripoti ya daktari, uisome mstari kwa mstari.

Lakini nawaonya kwa mambo mawili. Ukiomba nyongeza, jalada hufunguliwa, na wakiona umepata nafuu wanaweza kupendekeza kupunguza. Watakuarifu kwanza, na utakuwa na siku 60 za kuleta ushahidi. Usiombe kwa sababu tu jirani kapata. Wala usidanganye. Anayeingia na fimbo asiyoitumia nyumbani huvunja sheria, na huwaharibia wagonjwa wa kweli. Sheria yenyewe inamwelekea askari: ushahidi ukilingana pande zote mbili, shaka humfaidi yeye. Ukweli uliosemwa wote unatosha.

La pili, vyama kama American Legion, DAV na VFW husaidia bure kuandika dai. Wapo wajanja wasioidhinishwa wanaotaka fungu la fidia kwa kazi hiyo. Waepukeni. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kudai malipo baada ya uamuzi wa kwanza kutolewa, si kabla.

Vijana, msidhani habari hii ni ya ng'ambo tu. Hapa nyumbani pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hupima ulemavu wa mfanyakazi aliyeumia kazini kwa asilimia. Mtakuwa mafundi, wauguzi, madereva, wahandisi. Siku mtakapoumia, nendeni zahanati siku ile ile, muandikwe kitabuni, mchukue nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari, na afya ni mali. Goti langu liliokolewa na mstari mmoja tu, ulioandikwa na mwuguzi wa jeshi siku niliyoumia. Bila mstari ule hata ile sifuri nisingeipata.

Ndugu Mwenyekiti, tuendelee kuamkiana kwa "sijambo", ni heshima yetu. Lakini daktari akikuuliza rasmi, vua koti la ushujaa, umwambie panapouma.