Maji Kwanza, Kisha Tazama Kina cha Jeraha

Wasikilizaji wetu wa Ramisi, Msambweni hadi Diani, leo tunazungumza kuhusu kuungua: mafuta ya mahamri yakimrukia mama, chai ikimmwagikia mtoto, au moto wa shamba la miwa.

Anza na maji. Mimina maji ya kawaida kwenye sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, chota kwa kata kutoka kwenye ndoo, taratibu, bila kukatiza. Barafu hapana. Dawa ya meno, yai na mafuta, nawasihi jamani, msipake. Vua pete na bangili kabla hapajavimba, kisha funika kwa leso safi.

Sasa kina. Ngozi nyekundu inayouma bila malengelenge imeungua juu juu, nayo hupona kwa siku chache. Penye malengelenge moto umeingia zaidi, msiyapasue. Linalonitia hofu ni jeraha jeupe au jeusi, kavu kama ngozi ya ngoma, ambalo mgonjwa anasema haliumi. Nyumbani watu hushukuru, kumbe mishipa ya fahamu nayo imeungua. Huyo apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Msambweni upesi.

Ukubwa hupimwa kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole: ni takriban asilimia 1 ya mwili wake. Mtoto akiungua eneo la viganja 10, maisha yake yamo hatarini. Na uso, mikono, viungo au sehemu za siri zikiungua, hata padogo, nendeni hospitali.