Barua Iliyochelewa
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo)



Leo tuzungumze juu ya haraka. Tutatumia mchezo wa kuigiza ulioandikwa na Mwingereza William Shakespeare, zaidi ya miaka 400 iliyopita. Ndiye aliyeandika pia Julius Caesar, mchezo uliofasiriwa na Mwalimu Nyerere kwa Kiswahili mwaka 1963. Mchezo wetu wa leo unaitwa kwa majina ya vijana wawili, Romeo na Juliet.

Katika mji wa Verona, nchini Italia, koo mbili zilikuwa na uadui wa siku nyingi. Mzee Capulet alitaka kufanya karamu. Akampa mtumishi orodha ya wageni akawaalike. Kumbe mtumishi hajui kusoma! Akamwomba kijana mmoja njiani amsomee. Kijana huyo ni Romeo, mtoto wa ukoo adui. Ndivyo habari za karamu zilivyomfikia. Jambo hilo sisi tunalielewa vizuri.

Haya, tuhesabu siku. Jumapili usiku Romeo alikwenda karamuni akamwona Juliet, binti Capulet, ambaye hajatimiza miaka 14. Wakapendana. Jumatatu padre akawaoza kwa siri. Siku hiyo hiyo Tybalt, binamu yake Juliet, alimwua rafiki wa Romeo. Romeo kwa hasira akamwua Tybalt. Akafukuzwa mjini.

Na baba je? Mwanzoni alisema binti bado mdogo, ingojewe miaka miwili. Sasa, ghafula, akaamua Juliet aolewe na bwana mwingine, Paris, Alhamisi ile ile. Juliet alipokataa, baba akatishia kumfukuza nyumbani. Hakumwuliza hata mara moja, "Mwanangu, una nini?"

Padre akampa Juliet dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42. Akamwandikia Romeo barua kumweleza. Lakini mjumbe alifungiwa ndani ya nyumba moja, kwa kuwa watu walishuku tauni. Barua haikufika. Aliyefika ni mtumishi wa Romeo, akasema Juliet amezikwa. Romeo akamwuliza: huna barua ya padre? Hakuna. Mtumishi akamsihi avumilie. Romeo akasema haidhuru.

Ndugu zetu, hapo ndipo msiba ulipo. Usiku ule ule Romeo alikwenda kaburini, akamwua Paris aliyemkuta pale, akanywa sumu. Punde Juliet akaamka. Alipomwona mumewe amekufa, naye akajiua kwa kisu. Wazee wa koo mbili wakapeana mikono wakati watoto wamekwisha kufa. Majuto ni mjukuu.

Tunajifunza nini? Romeo alijua kusoma. Ndiye aliyeisoma ile orodha. Kilichomshinda ni kuingojea barua. Kusoma bila subira ni kama kuwa na taa usiyoiwasha. Basi, kabla ya kumwoza binti, kuuza shamba au kugombana na jirani kwa habari ya kuambiwa, tuulize kwanza: nani kasema? Kaona nini? Nani hajasikilizwa? Halafu tulale, tuamue asubuhi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Mzee Capulet angefanya nini tofauti?
2. Je, padre naye alikuwa na haraka?
3. Kijijini kwetu, ni uamuzi gani wa haraka tumeujutia?