Chupa, Kamera na Watu wa Tsumkwe

Mwishoni mwa miaka ya 1970, kijiji cha Tsumkwe, kaskazini-mashariki mwa nchi ambayo leo ni Namibia, kilikuwa na kamera za watu wawili wasiofanana hata kidogo. Jamie Uys, mwongozaji wa filamu kutoka Afrika Kusini, alikuwa akitengeneza kichekesho. John Marshall, Mmarekani aliyewafahamu wenyeji wa hapo, Wasan, tangu ujana wake katika miaka ya 1950, alikuwa akirekodi maisha yao ya kila siku. Kamera ya Marshall ikamnasa Uys akiwa kazini. Kwa sababu hiyo kichekesho maarufu kuliko vyote vilivyowahi kupigwa picha kusini mwa Afrika kina shahidi wake wa pembeni, bahati ambayo filamu nyingi hazijaipata.

Kichekesho chenyewe ni *The Gods Must Be Crazy*, cha mwaka 1980. Kisa chake kinajulikana na wengi. Rubani anatupa chupa tupu ya Coca-Cola kutoka angani, nayo inaangukia familia ya Wasan katika Kalahari. Wanaitumia kutwangia, kulainishia ngozi na kupigia muziki. Lakini chupa ni moja na wanaoitaka ni wengi, hivyo wivu unaingia na watu wanaanza kugombana. Xi, anayeigizwa na N!xau, anaamua kuipeleka mwisho wa dunia akaitupe. Njiani anakutana na mtafiti wa mavi ya tembo ambaye miguu na ulimi humgomea kila anapomkaribia mwanamke, mwalimu mpya aliyekimbia kelele za mji, na genge la wapiganaji walioshindwa kupindua serikali.

Uys alikuwa fundi, na hilo lisemwe kabla ya lawama. Alizaliwa Boksburg mwaka 1921, akafundisha shule kabla ya kuhamia kwenye filamu, na vichekesho vyake vina asili katika sinema isiyo na sauti: picha zinazokimbizwa, mtu anayejikwaa, mashine inayomshinda mwenye nayo. Land Rover la mtafiti, lisilo na breki na lisilokubali kuzimwa likishawaka, linaishia kuning'inia juu ya mti kwa kamba yake lenyewe. Anayeangalia onyesho hilo asicheke atakuwa amejizuia kwa makusudi.

Wazo la filamu lilimjia alipokuwa akirekodi wanyama katika majangwa ya kusini kwa ajili ya filamu yake ya mwaka 1974, *Animals Are Beautiful People*, ambako alikutana na Wasan. Alivyomtafuta mhusika mkuu ni hadithi aliyoisimulia mwenyewe mara nyingi: safari ndefu Kalahari pamoja na mkalimani, akipiga picha nyuso za watu mpaka akaupata wa N!xau. Magazeti yakapokea na kuongeza. Ikasemwa kwamba N!xau alikuwa ameona wazungu watatu tu maishani mwake, kwamba fedha kwake hazikuwa na maana, na kwamba noti za malipo yake ya kwanza, dola mia chache, zilipeperushwa na upepo.

Mwanaanthropolojia Toby Volkman, aliyeifahamu Tsumkwe, aliandika katika New York Times mwezi Mei 1985 habari tofauti kabisa. N!xau alikuwa amefanya kazi ya upishi katika shule ya hapo hapo. Jirani zake hawakuwa wakitangatanga jangwani wakichuma matunda. Wengi walikuwa wamekusanywa katika makazi ya serikali, wakiishi kwa mgao wa unga wa mahindi na vibarua vichache, huku kifua kikuu na ulevi vikiwamaliza. Jeshi la Afrika Kusini lilikuwa likiwaandikisha vijana kupigana na SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, na mshahara wa askari ulizidi chochote ambacho mtu angekipata hapo kijijini. Hayo yote yalikuwa hatua chache kutoka mahali kamera ya Uys ilipowekwa, na hakuna lililoingia kwenye picha.

Filamu ya Marshall, *N!ai, the Story of a !Kung Woman*, nayo ya mwaka 1980, inaonyesha pande zote mbili kwa pamoja. N!ai, aliyepata nafasi ndogo katika filamu ya Uys, anaonekana akiigiza maisha ya porini ambayo watu wake hawakuwa wakiyaishi tena. Kamera ya Uys ikizimwa, anarudi kwenye makazi yenye njaa, ambako majirani wanamwonea kijicho kwa sababu kupigwa picha kunamwingizia fedha. Ugomvi ulikuwepo Tsumkwe, tena mkali, ila haukuletwa na chupa.

Kuiuza filamu ya Uys nje kulikuwa na kikwazo cha aina nyingine. Mwezi Desemba 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi wanachama zikate uhusiano wa kiutamaduni na Afrika Kusini ya ubaguzi. Kisa cha filamu kiliwekwa Botswana, na huko nje ikauzwa kama filamu ya Botswana. Mtaji na watengenezaji walikuwa wa Afrika Kusini. Ujanja huo ulifaulu kuliko ilivyotarajiwa: Japani ilishangilia, N!xau akapelekwa huko na kupokelewa kama nyota. Ufaransa watazamaji walihesabiwa kwa mamilioni mwaka 1983. Na Marekani, ilikosambazwa na 20th Century Fox mwaka 1984, ilikusanya takriban dola milioni 30, ilhali gharama ya kuitengeneza inatajwa kuwa kama dola milioni 5.

Wahakiki hawakukubaliana. Roger Ebert wa Chicago aliifurahia. Vincent Canby wa New York Times aliuliza, mwezi Oktoba 1984, kama kweli hiki kilikuwa kichekesho tu, maana anayeitazama angeweza kuondoka bila kujua kwamba ubaguzi wa rangi upo. Nje ya baadhi ya kumbi za sinema za Marekani watu walisimama na mabango ya kuipinga.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kukunja uso. Sam Boga, kiongozi wa wapiganaji, ni mtu wa kuchekwa, na vijana wake wanacheza karata na kulenga shabaha ovyo. Wakati filamu inatoka, wapiganaji halisi wa SWAPO walikuwa vitani dhidi ya jeshi la Afrika Kusini, na baadhi ya waliowatangulia walipata mafunzo Kongwa, mkoani Dodoma, tangu miaka ya 1960. Kanda ya video iliyochekesha sebule nyingi za Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa ikiwacheka pia watu ambao Tanzania iliwapa ardhi, chakula na hifadhi.

Hata hivyo dhihaka dhidi ya wapiganaji si kosa kubwa la filamu hii. Wanasiasa na wanajeshi wa pande zote wamechekwa tangu zamani, na wana uwezo wa kujitetea. Kosa liko katika dakika za mwanzo, pale sauti ya msimulizi, tulivu kama ya filamu ya elimu, inapoeleza kwamba Wasan hawajui uhalifu, adhabu wala kumiliki kitu. Msimulizi hatanii. Mtazamaji anaambiwa kwamba hii ni habari, na kicheko kinakuja baadaye juu ya msingi huo.

Na habari ya uongo ina matokeo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, utawala wa Afrika Kusini katika Namibia ya leo ulipanga kuigeuza sehemu ya mashariki ya eneo la Wasan, penye Tsumkwe, kuwa hifadhi ya wanyama, ambamo Wasan wangeruhusiwa kubaki mradi wawinde kwa upinde na mishale mbele ya watalii, si kufuga ng'ombe wala kulima. Wakati huo huo familia kadhaa za Ju/'hoansi, yaani Wasan wa Tsumkwe, zilikuwa zikiondoka Tsumkwe kurudi kwenye visima vyao vya zamani, zikiomba pampu za maji na mifugo. Marshall aliwasaidia na akaupinga mpango huo, ambao hatimaye uliachwa. Aliamini mpaka mwisho wa maisha yake kwamba taswira ya mwindaji asiyehitaji kitu iliwafanya maofisa na wafadhili waone trekta na ng'ombe kama uharibifu wa mila.

N!xau mwenyewe hakukubali kubaki katika taswira hiyo. Kabla ya kuigiza sehemu ya pili, iliyotoka mwaka 1989, alidai dola laki kadhaa, akaeleza kwamba anataka nyumba ya matofali yenye umeme na pampu ya maji. Baadaye aliigiza katika filamu za Hong Kong, kisha akarudi kulima. Alifariki mwezi Julai 2003 karibu na Tsumkwe. Aliwahi kuugua kifua kikuu.

Tanzania ina Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi, ambao kila msimu wa utalii huombwa wawinde mbele ya kamera za wageni, hivyo jambo hili haliko mbali. Vyuo vinavyofundisha filamu visiiondoe *The Gods Must Be Crazy* kwenye ratiba, kwani ufundi wake unastahili kusomwa. Viionyeshe siku moja na *N!ai*, na *N!ai* itangulie.